Pengo kwenye mfupa wa mnyama: tulijaze kwa mfupa wake mwenyewe, kauri, jasi, kioo au titani?

Mbwa amegongwa na gari, mfupa wa paja umesagika, na daktari wa upasuaji anakuonyesha picha ya eksirei. Kati ya ncha mbili za mfupa pana uwazi. Vipande vilivyokuwa hapo vimepotelea kwenye jeraha, au vimekosa damu vikafa na itabidi viondolewe. Bamba na skrubu vitazishika ncha hizo zisicheze, lakini uwazi utabaki palepale. Ndipo linapokuja swali: tutie nini humo?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja tu, kuchota mfupa kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mnyama huyohuyo. Siku hizi lipo kabati zima la vitu vya kiwandani: punje za kauri, unga wa jasi, kioo kinachoshikana na mfupa, simenti, metali ya titani yenye matundu iliyochapishwa kwa printa ya 3D, protini za kuamsha mfupa. Kila kimoja kina watetezi wake. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mwenye mnyama anayetakiwa kukubali au kukataa, na kwa daktari wa mifugo ambaye hapasui mifupa kila siku lakini anaombwa ushauri. Nina upande ninaouegemea na ni vizuri ujulikane mapema: makosa mengi huanzia pale mtu anapochagua bidhaa kwanza, halafu ndipo analitazama pengo. Kitu kinachoponya tundu dogo kwenye kichwa cha muundi kinaweza kushindwa kabisa katikati ya mfupa mwembamba wa mguu wa mbele wa mbwa mdogo.

Huenda halihitaji kitu

Ngozi ikikatwa hupona kwa kovu. Mfupa ukipewa nafasi hujijenga upya hadi ukarudi kuwa mfupa kamili wenye uboho wake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi kitiwe, uliza kama panahitaji kutiwa kitu.

Madaktari hulipima pengo kwa kulilinganisha na unene wa mfupa wenyewe. Kwenye mifupa mirefu, pengo lenye urefu wa mara 1.5 hadi 2.5 ya kipenyo cha mfupa huhesabiwa kuwa halitajifunga lenyewe maisha yote ya mnyama. Chini ya hapo inategemea umri wake, misuli inayouzunguka mfupa huo, na kama utando unaoufunika mfupa umesalimika. Mtoto wa mbwa wa miezi minne huunga mfupa kwa kasi inayoshangaza. Upo upasuaji wa goti la mbwa, uliobuniwa Zurich mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao husogeza mbele kipande cha juu cha muundi ili goti litulie baada ya kano kukatika. Daktari anaacha uwazi kwa makusudi, na uwazi huo mara nyingi hujaa mfupa hata usipotiwa chochote. Hapo kujaza kunaharakisha tu kazi ambayo mwili ungeifanya.

Pengo kubwa ni habari nyingine. Linataka mambo manne kwa pamoja: seli hai za kujenga mfupa, kiunzi cha kutambalia seli hizo, ishara za kikemia za kuziita na kuziamsha, na utulivu. La tano, linaloyabeba yote, ni damu. Vipandikizi vingi vya kutengenezwa hutoa kiunzi peke yake. Yaliyobaki lazima yatoke kwa mnyama na kwa mikono ya daktari.

Na utulivu si neno la kupita tu. Mfupa mchanga hauvumilii kunyooshwa zaidi ya takriban asilimia 2 ya urefu wake. Kwenye pengo la milimita 1 hiyo ni milimita 0.02, chini ya unene wa unywele. Bamba likilegea, kipandikizi cha aina yoyote kitaishia kuzingirwa na tishu laini ya kovu. Ndiyo maana mfupa ukigoma kuunga, mimi hutazama bamba na skrubu kabla ya kulaumu kilichotiwa katikati.

Mfupa wake mwenyewe, kipimo cha vingine vyote

Huwezi kuvipima vya kiwandani bila kuanzia hapa. Kwa mbwa, daktari huchota mfupa laini wa ndani, ule wenye matundu kama sifongo, kutoka kichwa cha mfupa wa mguu wa mbele karibu na bega, kutoka bawa la nyonga, au kutoka sehemu ya juu ya muundi. Anatoboa tundu dogo, anaingiza kijiko cha upasuaji, anatoka na uji mwekundu wenye seli, ishara na kiunzi kwa pamoja. Hakuna kingine kwenye kabati kinachotoa vyote vitatu, wala mwili hauna sababu ya kuukataa kwa kuwa ni wake.

Masharti yapo. Seli hizo hufa zikikauka, kwa hiyo mfupa huchotwa pengo likiwa tayari kupokea, na kama ni lazima kusubiri, husubirishwa kwenye shashi iliyolowa damu ya mnyama mwenyewe, mbali na joto la taa. Upasuaji unarefuka, na muda wa nusukaputi unarefuka nao. Jeraha la pili lina maumivu yake, na mara chache mfupa uliochotwa huvunjika pale ulipodhoofishwa. Mwenye saratani ya mfupa anahitaji vifaa vingine na glavu mpya kwa jeraha la kuchotea, ili seli za uvimbe zisihamishwe kutoka mahali hadi mahali.

Kizuizi kikubwa zaidi ni kiasi. Paka, au mbwa wa kilo 2, hana akiba ya kujaza pengo la sentimita 3. Utachota kidogo, kisha utabaki ukilitazama pengo ambalo halijafika hata nusu. Mnyama mzee naye uboho wake mwingi umegeuka mafuta. Hapo ndipo vya kutengenezwa vinapopata nafasi yao ya haki: kuongeza ujazo, kumwepusha mnyama na jeraha la pili, na kufanya kazi ambazo uji ule hauwezi, kama kubeba dawa au kubeba uzito tangu siku ya kwanza.

(Upo pia mfupa wa mbwa mwingine, uliosafishwa na kuhifadhiwa kwenye benki ya mifupa. Ni kiunzi kizuri cha asili, na ukiondolewa madini huziacha wazi protini za kuamsha mfupa, ila hauna seli hai. Kwa kuwa si wa kutengenezwa nauacha hapo.)

Kauri za kalsiamu

Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfati. Wazo la kumpa mnyama kauri ya mchanganyiko huohuo lina zaidi ya miaka mia: mwaka 1920 daktari wa Marekani Fred Albee na mwenzake walitia fosfati ya kalsiamu kwenye mifupa ya sungura wakaripoti kwamba iliunga upesi zaidi. Leo kauri mbili ndizo zinazotawala, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye maelezo ya pakiti.

Hidroksiapataiti, yenye atomi 1.67 za kalsiamu kwa kila atomi moja ya fosforasi, ndiyo inayokaribia zaidi madini ya mfupa. Ikichomwa kwenye tanuri kali inakuwa imara na haiyeyuki kwa urahisi, na miaka kadhaa baadaye bado utaiona kwenye eksirei. Trikalsiamu fosfati ya aina ya beta, yenye 1.5 kwa 1, huyeyuka na kuliwa na seli za kula mfupa, mara nyingi ndani ya miezi 6 hadi 24 kutegemea ukubwa wa punje, matundu yake na mahali ilipowekwa. Zipo pia punje zilizochanganya mbili hizi, sehemu ibaki na sehemu iondoke.

Kwenye mifupa mirefu ya mnyama mimi naegemea ile ya beta, au mchanganyiko wenye beta nyingi. Mfupa unatakiwa kupindwa na kujikarabati maisha yote, na kauri isiyoondoka hubaki kama kokoto ndani ya ukuta. Karibu na kiungo, ambako mfupa unabanwa tu, kokoto hiyo haina madhara makubwa. Katikati ya mfupa unaopindwa kwa kila hatua, inaweza kuwa mahali pa ufa kuanzia. Hidroksiapataiti ina heshima yake pale unapotaka umbo lisipotee, kwa mfano kwenye shimo la jino kubwa lililong'olewa, ili ukingo wa taya usididimie.

Kabla ya kusoma jina la kauri, uliza habari za matundu yake. Mishipa ya damu na seli haviwezi kupenya tundu dogo mno. Kizingiti kinachotajwa mara nyingi ni mikromita 100 (sehemu ya kumi ya milimita), na vipandikizi vingi hufanya vizuri vikiwa na matundu ya mikromita 300 hadi 500. Pia matundu yawe yamefunguka moja kuingia jingine. Punje isiyo na matundu itabaki kuwa changarawe, hata kemia yake ikiwa nzuri namna gani.

Udhaifu wa kauri zote mbili ni ule wa kikombe cha udongo: zinavumilia kubanwa, hazivumilii kupindwa wala kuvutwa. Hazibebi uzito kwenye mfupa mrefu. Bamba ndilo linalobeba. Punje zinataka shimo lenye kuta, kwa sababu zisipozuiwa huhama na kukaa kwenye misuli au, vibaya zaidi, ndani ya kiungo. Tena zinang'aa kwenye eksirei kama mfupa, kwa hiyo picha ya wiki ya kwanza inaonekana kama ya mnyama aliyekwisha pona. Wamiliki hufurahia picha hiyo, na lazima waambiwe mapema kwamba weupe ule ni kauri. Dalili ya kweli ni ukungu wa mfupa mpya unaoziba mipaka kati ya punje na ncha za mfupa.

Aina ya kuchanganywa na kudungwa kwa sindano, ambayo hugandia ndani ya pengo, inavutia kwa tundu lenye umbo la ajabu. Ila ikiganda huwa haina matundu makubwa, kwa hiyo mfupa huila kutokea nje kuelekea ndani, polepole.

Jasi, na mapengo yenye usaha

Jasi ni kongwe kuliko zote. Mwaka 1892 daktari wa Ujerumani aitwaye Dreesmann alichapisha habari za wagonjwa aliowajazia matundu ya mifupa kwa jasi, ileile inayotumika kutengenezea hogo. Ya upasuaji wa leo ni safi zaidi lakini kemia ni moja: salfeti ya kalsiamu. Inayeyuka upesi, kwa kawaida kati ya wiki 4 na 12, na hilo ndilo kosa lake na ndilo tunu yake.

Kosa, kwa sababu mfupa wa mnyama mzima hauwezi kukimbia kasi hiyo kwenye pengo kubwa. Kiunzi kinaondoka kabla fundi hajamaliza, na katikati panabaki patupu. Tunu, kwa sababu jasi huchanganyika vizuri na antibaiotiki kadhaa na kuzimwaga palepale, kwa kiwango ambacho damu isingeweza kukifikisha bila kuumiza figo, kisha inaondoka yenyewe bila upasuaji wa pili wa kuitoa. Kwenye tundu lililosafishwa baada ya mfupa kuoza, sijui kitu cha kutengenezwa ninachokithamini zaidi. Mwonye tu mwenye mnyama kwamba jeraha linaweza kuvuja majimaji kwa siku kadhaa jasi inapoyeyuka. Majimaji hayo si lazima yawe usaha, ingawa lazima daktari ayatazame.

Mpinzani wa jasi kwenye kazi hii ni simenti ya akriliki, aina ya plastiki inayoganda, ambayo John Charnley aliieneza kwenye upasuaji wa nyonga za binadamu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Inabeba antibaiotiki, ni imara, lakini haiyeyuki kamwe, na inapoganda hutoa joto linaloweza kuua seli za jirani. Pia joto hilo huharibu dawa zisizolistahimili, kwa hiyo si kila antibaiotiki inafaa kuchanganywa nayo. Dawa ikiisha, simenti hubaki kama kitu kigeni ambacho bakteria wanaweza kukigeuza nyumba yao. Kwa sababu hiyo naiona kama kishika nafasi tu.

Na kama kishika nafasi ina ustadi mmoja wa kupendeza. Mfaransa Alain-Charles Masquelet alionyesha kwamba ukiiacha simenti ndani ya pengo kwa wiki 6 hadi 8, mwili huizungushia utando wenye damu nyingi na ishara za kuamsha mfupa. Daktari anafungua utando huo, anatoa simenti, anajaza mfupa wa kuchota ukiwa peke yake au umechanganywa na kauri, kisha anafunga. Njia hii imeshatumika kwa mbwa na paka pia. Ni nusukaputi mara mbili, ni uvumilivu mkubwa kwa mnyama na kwa anayemuuguza, lakini kwa pengo refu lililowahi kuoza ni moja ya njia chache ninazoziamini.

Kioo

Mwaka 1969 Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alitengeneza kioo cha silika, sodiamu, kalsiamu na fosforasi ambacho kilipowekwa kwenye mifupa ya panya kilishikana nayo hata hakikutoka. Kikilowa majimaji ya mwili, uso wake hugeuka kuwa tabaka la madini kama ya mfupa, na mfupa mpya hujishikiza hapo. Aina nyingine ya kioo hicho, iliyokuzwa Finland, huifanya hali ya pengo kuwa ya alkali (kinyume cha asidi) kiasi cha kuwasumbua bakteria wengi bila antibaiotiki.

Kwa wanyama nafasi yake ya wazi zaidi ni mdomoni: mifuko ya fizi iliyokula mfupa kuzunguka jino zuri la kuokolewa, na mashimo ya meno yaliyong'olewa. Kwenye mifupa mirefu nakiweka sawa na kauri, na sijaona sababu ya mtu mwenye beta mkononi kukimbilia kioo.

Titani, pale umbo na nguvu vinapotakiwa leo

Vyote nilivyotaja hadi hapa vinasubiri mfupa uje. Titani hubeba tangu saa ile mnyama anapoamka. Sifa yake ya kushikana na mfupa iligunduliwa kwa sungura: mnamo 1952 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, akichunguza mtiririko wa damu kwenye uboho, alikuta vyombo vyake vya titani vimeng'ang'aniwa na mfupa hata havitoki.

Kilichobadilisha mambo ni uchapishaji wa 3D. Mnyama anapigwa picha za CT, umbo la sehemu itakayokatwa linachorwa kwenye kompyuta, na kipande kinachapishwa kwa unga wa titani kikiwa na matundu na mahali pa skrubu. Mwaka 2018 timu ya Michelle Oblak wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, ilieleza kisa cha Patches, mbwa mzee wa aina ya dachshund aliyekuwa na uvimbe mkubwa kichwani. Waliondoa takriban asilimia 70 ya sehemu ya juu ya fuvu na kuiziba kwa bamba la titani lililochapishwa kwa kipimo chake. Pengo kama hilo huwezi kulijaza kwa punje.

Tatizo la titani ni ugumu wake. Aloi yake, yaani titani iliyochanganywa na metali nyingine, ni ngumu kupinda mara tano au zaidi kuliko mfupa. Ikibeba mzigo wote, mfupa wa jirani huzembea na kukonda, na mpaka kati ya viwili huwa mahali pa kulegea. Matundu hupunguza ugumu huo bila kuumaliza. Zaidi ya hapo ni chuma cha kudumu, na maambukizi yakiingia kwenye matundu ni vigumu kuyatoa bila kukitoa chenyewe. Kwenye mbwa wanaookolewa mguu wa mbele baada ya saratani ya mfupa, maambukizi ndiyo adui wa kila siku. Pia utengenezaji una subira yake, na uvimbe unaokua haraka unaweza kupita kipimo kilichochukuliwa.

Kwa mbwa wa namna hiyo ni wajibu kusema wazi kwamba kukata mguu ni chaguo halali. Mbwa wengi hutembea na kukimbia vizuri kwa miguu mitatu, hasa wakiwa wepesi na viungo vilivyobaki vikiwa vizima. Mbwa niliyemwona akihangaika na kipandikizi kilichoingiwa na maambukizi ananikumbusha kwamba kuokoa mguu na kumwokoa mnyama si jambo moja.

Protini ya kuamsha mfupa

Mwaka 1965 Marshall Urist alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini na kupandikizwa kwenye msuli huzaa mfupa mpya mahali ambapo hapakuwa na mfupa. Kisababishi ni kundi la protini zinazojulikana kwa kifupi kama BMP. Ile yenye namba 2, BMP-2, inayotengenezwa maabara kwa nakala ya binadamu, hufanya kazi kwa mbwa pia. Haisimami peke yake. Inaloweshwa kwenye sifongo ya kolajeni au juu ya kauri.

Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, madaktari wa meno na taya wameitumia kwa mbwa waliopoteza kipande cha taya la chini: bamba la titani linashika umbo, sifongo iliyolowa protini inalala kwenye pengo, na mfupa unakua hapo. Huko Glasgow nako mbwa aitwaye Eva, ambaye mguu wake ulishindwa kuunga baada ya kugongwa na gari, alitibiwa kwa vipande vya mfupa vilivyopakwa polima inayoishikilia protini hiyo juu ya uso wake, na mguu ukaunga. Faida ya polima ni kwamba dozi ndogo inatosha kwa kuwa haikimbii.

Dozi kubwa inayokimbia ndiyo hatari yenyewe: uvimbe mkali siku za kwanza, na mfupa kuota mahali usipotakiwa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa upasuaji wa shingo kuvimba hadi kupata shida ya kupumua. Kwa mnyama ambaye huenda seli za saratani zimebaki, mimi nisingeitia.

Kwa mtazamo mmoja

| Kitu | Hutoa nini | Hukaa muda gani | Hubeba uzito? | Penye usaha |
|---|---|---|---|---|
| Mfupa wake mwenyewe | Seli, ishara, kiunzi | Hugeuka mfupa | Hapana | Huvumilia baada ya kusafisha |
| Beta-trikalsiamu fosfati | Kiunzi | Miezi 6–24 | Hapana | Subiri patulie |
| Hidroksiapataiti | Kiunzi | Miaka | Kubanwa tu | Epuka |
| Jasi | Dawa, kiunzi cha muda | Wiki 4–12 | Hapana | Ndipo mahali pake |
| Simenti ya akriliki | Dawa, nafasi | Haiondoki | Kiasi | Kwa muda tu |
| Kioo | Kiunzi kinachoshikana | Hutofautiana sana | Hapana | Aina fulani |
| Titani | Nguvu na umbo | Daima | Ndiyo | Hatari |
| BMP | Ishara | Siku hadi wiki | Hapana | Kwa uangalifu |

Ningechagua nini

Tundu dogo lenye kuta, safi, karibu na kiungo, kwa mbwa mzima: punje za beta peke yake zinatosha, na sioni sababu ya kumfungua sehemu ya pili.

Mfupa wa mguu wa mbele wa mbwa mdogo sana, uliovunjika karibu na kifundo, umeshakataa kuunga mara moja: hapa kauri peke yake ni kupoteza nafasi. Eneo hilo kwa mbwa wa aina hizo lina damu kidogo na karibu halina misuli. Tatizo ni uhai, na kauri haina uhai. Ningechota mfupa wake hata kama ni kidogo, na kama hautoshi ningeuchanganya na punje kiasi, mfupa hai ukiwa mwingi kuliko punje na ukigusa ncha zote mbili. BMP kwa dozi ndogo ingekuwa chaguo langu la pili.

Pengo refu katikati ya paja la mbwa mkubwa kijana, jeraha safi: mfupa wa kuchota ukiongezewa beta, bamba imara, na ulinzi wa utando wa mfupa na misuli wakati wa upasuaji. Mchanganyiko huu ndio ninaourudia mara nyingi kuliko wowote, kwa sababu kila upande unafidia unachokosa mwenzake.

Paka mwenye muundi uliooza kwa miezi: safisha, peleka sampuli maabara kujua bakteria gani, jasi yenye dawa inayowafaa bakteria hao, kishikio cha nje cha pini. Kujenga mfupa kuje baadaye. Anayetia kila kitu siku moja ili amalize huwa anarudi tena kwenye meza ya upasuaji.

Farasi ni mada pana. Itoshe kusema kwamba uvimbe wenye tundu chini ya gegedu la goti hujazwa beta na madaktari wengine, na wengine huupitishia skrubu tu, kwa sababu kwa mnyama wa kilo 500 uzito unafika kabla mfupa haujawa tayari. Ndege nao wana onyo lao: kwa wengi wao mfupa wa juu wa bawa umeungana na mifuko ya hewa, na simenti laini au maji ya kusafishia yakimiminwa humo yanaweza kuingia kwenye njia ya kupumulia.

Kabla ya kutia sahihi

Muulize daktari kwa nini pengo hili halitajiziba lenyewe. Muulize kitu anachopendekeza kinatoa lipi kati ya seli, ishara, kiunzi na utulivu, na yale mengine yatatoka wapi. Akisema ni bidhaa mpya, uliza imejaribiwa kwa mnyama wa aina yako na kwenye mfupa upi. Nchini Marekani, kwa mfano, vifaa vya tiba vya wanyama havihitaji idhini ya mamlaka kabla ya kuuzwa, kwa hiyo kuwepo sokoni peke yake si ushahidi. Uliza pia kikishindwa kinatolewaje, maana punje zilizotawanyika kwenye msuli na titani iliyoshikana na mfupa si kazi ya dakika kumi.

Kisha panga tarehe za eksirei kabisa, ya kwanza siku ya upasuaji na nyingine kila wiki 4 hadi 6. Ile ya kwanza omba nakala uihifadhi, kwa kuwa zote zitakazofuata zitasomwa kwa kulinganishwa nayo: punje zipi zimefifia, mipaka ipi imezibika, skrubu ipi imezungukwa na kivuli cheusi. Kivuli hicho kikionekana, mnyama apumzishwe na daktari aone picha siku hiyohiyo, hata kama anatembea vizuri.